UZI: Albin Ballad, yoti ya Kiswidi ya mwaka 1971. Kwa nini umbo lake liko vile

Mrengu Mmoja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa boti za faiba za wavuvi kuna aliyeuliza kama faiba inaweza kukaa majini miaka hamsini. Nikasema nitaleta uzi, ndio huu. Naishi Göteborg, pwani ya magharibi ya Uswidi, na huku yoti za miaka ya 70 zimejaa magatini kama jambo la kawaida. Inayonivuta mimi ni moja: Albin Ballad. Kuna jamaa anayo, hunichukua kama baharia wa ziada, kwa hiyo mengine nimeyasoma na mengine nimeyashika kwa mkono.

Vipimo kwanza, maana najua watu wa humu. Urefu mita 9.12. Upana mita 2.96. Urefu unaogusa maji chombo kikiwa kimetulia ni karibu mita 6.9. Chini ya maji inashuka mita 1.55. Uzito kilo 3,300, na katika hizo kilo 1,550 ni farumi ya chuma, yaani uzito wa kukizuia chombo kisipinduke, iliyoko kwenye mkuku, ule uti wa chini kabisa. Hiyo namba ya mwisho ishikeni, tutairudia.

Mchoraji ni Rolf Magnusson. Waliounda ni Albin Marine. Jina la Albin lilianza kwenye injini, mji wa Kristinehamn kando ya ziwa Vänern, mwaka 1899, na boti za faiba zikaja baadaye sana. Kabla ya Ballad walikuwa tayari wanatoa Vega, futi 27, mchoro wa Per Brohäll, ambayo iliuzwa zaidi ya 3,000. Ballad ilianza 1971 ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 80, zikatoka takriban 1,500. Kwa chombo cha matanga cha urefu huo hiyo ni idadi kubwa sana. Sio chombo cha tajiri mmoja aliyekaa na mchoraji wake, ni bidhaa ya kiwandani iliyolengwa mwalimu, fundi, mtu wa posta.

Sasa hoja yangu. Ukiitazama Ballad ikiwa juu ya stendi wakati wa baridi, umbo lake linakushangaza. Katikati nene, omo (mbele) imechongoka, tezi (nyuma) imebanwa kama imefungwa mkanda. Mbavu zinapanda, halafu zikikaribia sitaha zinajikunja kuingia ndani. Hakuna wimbi lililodai umbo hilo. Lilidaiwa na kanuni ya mashindano, kitu kilichoandikwa na watu mezani. Kanuni ile ilishakufa, mashindano yale hayapo, na chombo bado kinatembea vizuri. Nataka tuongelee kwa nini.

kiti_cha_dirishani

Nimekaa pale karibu na mlingoti, endelea mkuu. Ila weka picha, wengine tuliishia kwenye boti ya kwenda Unguja.

Mzee wa Kusi

Umetaja kanuni ukapita. Kanuni gani? Sisi huku Pangani tukishindanisha ngalawa, anayetangulia ndiye ameshinda, biashara imekwisha.

Mrengu Mmoja

Mzee, shikamoo. Swali ndilo lenyewe.

Ngalawa zenu zinafanana, kwa hiyo anayetangulia kashinda kweli. Lakini kwenye mashindano ya bahari kuu ya Ulaya na Marekani, chombo cha futi 30 kilikuwa kinaondoka pamoja na cha futi 50. Chombo kirefu kina kasi zaidi hata kikiendeshwa na mtu aliyelala nusu. Ikabidi watafute njia ya kupima kila chombo na kukipa namba, ili muda wa kila mmoja usawazishwe. Waingereza walikuwa na kanuni yao, Wamarekani yao. Mwishoni mwa miaka ya 60 wakaziunganisha ikazaliwa moja, IOR, iliyotawala miaka ya 70 na sehemu kubwa ya 80.

Mpimaji alikuja na utepe. Anapima upana, kina, mzunguko wa mwili kwenye vituo maalumu mbele na nyuma, pembetatu ya tanga la mbele, kimo cha mlingoti. Vyote vinaingia kwenye hesabu, inatoka namba ya futi. Halafu yakaanzishwa mashindano ambayo vyombo vyote vina namba ileile na hakuna kusawazisha muda: anayetangulia kashinda, kama Pangani. Kundi la vyombo vya futi 30 hivi liliitwa Half Ton. Ballad ilichorwa ikiwa na jicho moja kwenye kundi hilo.

Sasa mchoraji akishajua utepe unapita wapi, afanye nini? Anachora chombo ambacho kwa utepe ni kidogo na kwa maji ni kikubwa. Utepe unapopita tezi ukikuta mwili mwembamba, hesabu inadhani chombo ni kifupi. Basi banisha tezi. Ndiyo sababu ya ule mkanda. Tanga kuu likiwa kubwa unalipishwa. Tanga la mbele linalopita nyuma ya mlingoti, mpaka kiwango fulani, hulipishwi zaidi. Basi punguza tanga kuu, ongeza jenoa, ndilo hilo tanga kubwa la mbele. Kwenye Ballad jenoa namba moja ni karibu mara mbili ya tanga kuu. Mtu aliyezoea jahazi ataona kama chombo kimegeuzwa.

Na kwa kuwa tumegusa jenoa: anayehesabiwa kuwa aliileta kwenye mashindano ni Mswidi, Sven Salén, tajiri wa meli, mwaka 1926 kule Genoa, Italia. Ndiyo likapata jina hilo. Kwa hiyo Waswidi kubeba tanga la mbele kubwa kupita kiasi halikuwa jambo geni kwao.

Joshini Daima

Hapa naomba niongezee mleta uzi, mimi nimesafiria hizi yoti za zamani pale Kilifi (si Ballad, ila dada zake wa zama hizo hizo). Jenoa kubwa ni raha upepo ukiwa mwepesi. Upepo ukiongezeka unatakiwa kwenda mbele kabisa, kwenye omo inayopigwa na maji, kushusha tanga moja na kupandisha jingine dogo. Siku hizi wameweka ile ya kuviringisha kwenye waya wa mbele, unavuta kamba ukiwa umekaa. Zamani ilikuwa kazi ya kijana mwenye magoti mazima. Na kila mnapobisha, yaani kugeuza omo kupitia upepo, lile tanga lote linazunguka mlingoti, anayevuta demani (kamba ya tanga) kwenye winchi anatokwa jasho. Kwa mashindano mko watu sita hakuna neno. Kwa baba, mama na watoto wawili?

Mrengu Mmoja

Kaka umegonga penyewe. Chombo hiki kilitakiwa kifanye kazi mbili: Jumamosi kishindane, Julai kibebe familia visiwani wiki nne. Na hapo ndipo naona Magnusson alikuwa na kiasi.

Tezi ameibana, lakini hakuibana kama walivyokuja kubana wenzake miaka michache baadaye, hadi chombo kinafanana na mbegu ya tikiti. Usukani hakuuacha unaning'inia peke yake, ameupa skegi, yaani kipande cha mwili kinachotangulia mbele ya usukani na kuushikilia. Skegi inaongeza sehemu inayoburuta maji, kwa mashindano ni hasara kidogo. Lakini ukiachia kana (mpini wa usukani) kidogo ukajimiminie kahawa, chombo kinaendelea na njia yake. Vyombo vingine vya zama zile ukiachia kana vinageuka kuangalia vilikotoka.

Kisha ile farumi. Kilo 1,550 kati ya 3,300 ni asilimia 47. Chombo kikilala upepo ukizidi, kinalala mpaka mahali fulani, halafu kinakaa hapo na kuendelea kwenda. Kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, ndiko Ballad iko nyumbani. Mawimbi mafupi ya bahari hii, yale yanayokuja haraka haraka hata hujamaliza moja, inayapita kwa uzito wake. Haigongi kama boti nyepesi za kisasa zenye tumbo bapa.

Upepo ukitoka nyuma, hadithi nyingine. Tezi nyembamba haina kitu cha kuegemea majini. Pandisha spinaka, lile tanga la puto la upepo wa nyuma, kwenye upepo mkali, chombo kinaanza kuyumba kulia kushoto, kila mara zaidi kidogo, na kana inakuwa nzito mkononi. Mwenye chombo wangu huishusha mapema, anasema hana cha kumthibitishia mtu. Kasi ya mwisho ya mwili kama huu ukikokotoa kwa urefu wa majini ni maili 6.4 hivi za baharini kwa saa. Ukifika hapo umefika, kuongeza tanga ni kuongeza kelele.

Dr. Utepe

Swali la kichokozi. Ilishinda nini? Umeizungumzia sana na sijaona kombe.

Mrengu Mmoja

Makombe ya Half Ton ya wakati ule yalikwenda kwa Mswidi mwingine, Peter Norlin, na chombo chake Scampi. Alishinda 1969, 1970 na 1971 mfululizo, mara mbili za kwanza Sandhamn nje ya Stockholm, kisha Portsmouth, Uingereza. Scampi ni futi 30 kama Ballad lakini fikra tofauti: nyepesi zaidi, mkuku mfupi, tezi imekatwa. Baada ya Scampi wachoraji wa dunia nzima walianza kutazama huku kaskazini.

Ballad ilikuwa ya kushindana kwenye klabu, si ya kubeba kombe la dunia. Na hadi leo inafanya hivyo: Uswidi ina mfumo wake wa kusawazisha muda, SRS, unaoingiza vyombo vya kila umri. Tjörn Runt, mbio za kuzunguka kisiwa cha Tjörn kila Agosti, utakuta vyombo vya miaka ya 70 vimechanganyika na vya juzi.

Bi Mwanakheri

Assalaam alaykum. Mie nna wasiwasi na hivi vyombo vya kanuni. Nilisoma habari za mbio za Fastnet, 1979, watu walikufa. Si ndivyo hivi hivi?

Mrengu Mmoja

Wa alaykum salaam bibi. Ndiyo, ni zama hizo na kanuni hiyo. Agosti 1979 waliondoka yoti 303 kutoka Cowes kwenda mnara wa Fastnet, kusini ya Ireland, na kurudi Plymouth. Dhoruba ikawakuta njiani kwenye bahari ya Celtic. Waliomaliza 86. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa, vyombo 24 viliachwa na watu wake, vitano vilizama. Baadaye ukafanyika uchunguzi mkubwa, na moja ya maswali lilikuwa umbo: chombo kipana, chepesi, farumi kidogo, kikipinduliwa na wimbi kinaweza kukaa juu chini muda mrefu kabla hakijarudi. Kanuni ilikuwa imewapa wachoraji sababu ya kwenda huko.

Ila si vyote. Kwenye daraja la vyombo vidogo kabisa kilichomaliza kilikuwa kimoja tu, Assent, nacho ni Contessa 32 ya Waingereza, mchoro wa David Sadler. Contessa ina mkuku wa wastani, skegi, farumi nusu ya uzito, mwili usio mpana. Iweke kando ya Ballad, ni ndugu kabisa.

Dr. Utepe

Undugu nakubali, ila Ballad ni pana zaidi kidogo kwa urefu wake. Tufanye hesabu. Baada ya 1979 Wamarekani walitoa kipimo chepesi cha kuchuja vyombo: chukua upana kwa futi, gawanya kwa mzizi wa tatu wa ujazo wa maji yanayosukumwa. Ikitoka juu ya 2 wanakwambia fikiri mara mbili kabla ya kwenda bahari kuu.

Ballad: upana futi 9.7. Uzito ratili 7,275, gawanya kwa 64 (uzito wa futi moja ya ujazo ya maji ya bahari) unapata kama 113.7. Mzizi wa tatu 4.84. Jibu: 2.0. Hapo hapo kwenye mstari. Vega ileile ya kampuni hiyo, upana mita 2.46, kilo 2,300, inatoa 1.88. Kwa hiyo usiisifie Ballad kana kwamba ni ngome. Vega ndogo inaipita kwa kipimo hiki.

Mrengu Mmoja

Hesabu yako ni safi. Lakini angalia kipimo chenyewe kinakula nini: upana na uzito basi. Hakijui farumi iko wapi. Chukua kilo 1,550 za chuma uziweke sakafuni ndani ya kabini, au uzishushe chini kwenye mkuku unaozama mita 1.55, kipimo kinakupa jibu lilelile 2.0. Baharia atakupa majibu mawili tofauti. Kama kuchuja ni sawa, kama hukumu hapana.

Kwenye Vega tuko pamoja kabisa. Matt Rutherford, Mmarekani, alichukua Vega ya futi 27 akazunguka mabara yote mawili ya Amerika peke yake, 2011 hadi 2012, kutoka Annapolis, akapita njia ya barafu juu ya Canada, akashuka Cape Horn, akarudi Annapolis bila kutia gati. Siku 309. Chombo kilikuwa kikuukuu, cha kupewa.

kiti_cha_dirishani

Siku 309 na futi 27?? Mimi daladala ya Mbagala saa mbili naomba kushuka 😂

Fundi Resini (Tanga)

Natengeneza boti za faiba za uvuvi, naomba kuingia upande wangu. Mleta uzi umeongelea umbo sana, hujagusa ngozi. Miaka hamsini ile inatoka wapi? Sisi boti ya faiba miaka kumi ishaanza kufanya nyufa pembeni.

Mrengu Mmoja

Fundi karibu, nilikuwa nakusubiri wewe.

Mwili wa vyombo vya kipindi kile ni tabaka juu ya tabaka za mkeka wa kioo na resini ya poliesta, hakuna kitu kingine katikati, ni faiba tupu. Viwanda vilikuwa bado vinajifunza tabia ya faiba, na resini ilikuwa rahisi kabla ya mafuta kupanda bei 1973, kwa hiyo walipokuwa hawana uhakika waliongeza tabaka. Leo mhandisi anakokotoa na kupunguza. Wao walikuwa na hofu, na hofu yao ndiyo tunaikalia sisi.

Pili, walijenga kwa kalibu moja, watu walewale, jengo lenye joto linalodhibitiwa. Chombo cha mia tano wameshajua resini inakauka vipi. Unajua kuliko mimi kinachotokea mkeka ukilowekwa haraka haraka chini ya jua la saa saba na kiputo cha hewa kikabaki ndani.

Tatu, na hii watu huisahau: Oktoba chombo kinatolewa majini, kinarudi Aprili au Mei. Nusu ya maisha yake kiko nchi kavu kwenye baridi. Chombo cha miaka hamsini kimeogelea ishirini na tano. Jua la Uswidi nalo si la Tanga.

Hata hivyo magonjwa yapo. Maji hupenya gelikoti (ngozi ya nje inayong'aa) pole pole, yanakutana na kemikali ambazo hazikushikana vizuri, yanatoa malengelenge chini ya mstari wa maji. Wanaita osmosi. Mara nyingi ni ugonjwa wa sura kuliko wa kuua, ila kutibu ni kazi: unakwangua, unaacha mwili ukauke miezi, unafunika na epoksi.

Hatari kubwa huwa juu, siyo chini. Sitaha za vyombo vya namna hii ni sandwichi: faiba, kitu chepesi katikati, faiba. Kila palipotobolewa kupitisha bolti, winchi, nguzo za ukingo, maji yana mlango. Yakishaingia katikati hayatoki. Ukitembea unahisi sitaha inabonyea. Kabla ya kununua piga sitaha yote taratibu kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Mlio mkavu, sawa. Mlio wa kufa, ondoka au punguza bei sana.

Fundi Resini (Tanga)

Hapo kwenye jua la saa saba umenisema mimi na majirani zangu wote 😄 Tunafanya asubuhi siku hizi, na resini tunaipa kikaushi kidogo. Lakini mteja anataka boti Ijumaa.

Jingine. Mlingoti unasimama wapi? Kwetu unapita hadi kwenye mkuku, ndipo mzigo unapotua.

Joshini Daima

Yoti nyingi za faiba za miaka ile mlingoti unakanyaga juu ya paa la kabini, na chini yake kuna boriti au ukuta wa kupokea mzigo. Vega wanajulikana kwa hili: boriti chini ya mlingoti inachoka, paa linashuka, mlango wa kwenda kabini ya mbele unaanza kukwama. Ukienda kuangalia chombo usianze na matanga. Fungua na funga milango ya ndani kwanza. Milango haisemi uongo.

Na zile nyaya za mlingoti, pale zinapofungwa pembeni ya sitaha, chungulia kwa ndani na tochi. Mbao ikiwa nyeusi, maji yameshakaa pale muda.

Bi Mwanakheri

Na ndani kukoje? Nyie wanaume mwaeleza chuma na resini, mtu alale wapi, apike wapi?

Mrengu Mmoja

Bibi, ndani ni pembamba na giza giza, nikisema vingine nitakuwa nauza. Paa la kabini wamelifanya chini sana ili lipendeze na lisishike upepo, kwa hiyo mwanga unaingia kwa madirisha membamba. Mbao nyekundu nyeusi kila upande, mtindo wa miaka ya 70. Kabini ya omo ina kitanda cha watu wawili wanaopendana. Nyuma yake choo kidogo upande mmoja na kabati upande wa pili, kisha sebule yenye makochi mawili ya kutazamana na meza katikati, halafu jiko. Makochi ni membamba, na usiku wa safari utashukuru: chombo kikilala upande, kitanda kipana kinakurusha, chembamba kinakushika.

Pa kukaa nje, penye kana, ni padogo vilevile, wanne wanabanana. Ila umezungukwa vizuri, mgongo una pa kuegemea, na maji ya mawimbi yakiingia hayana pa kujaa mengi. Yoti za sasa za futi 30 zina uwanja nyuma, usukani wa gurudumu, mlango wa kushukia kuoga. Ukitaka starehe gatini nunua hizo, usibishane na mtu.

Kuna kitu kimoja cha Waswidi nakipenda. Huku bahari karibu haipwi wala haijai, na sheria ya kimila inamruhusu mtu yeyote kufunga chombo kwenye mwamba wa kisiwa na kulala usiku mmoja. Basi wanatupa nanga nyuma kwenye tezi, wanasogea polepole omo mbele mpaka ukingo wa mwamba, mmoja anaruka na kamba anafunga kwenye mti au pini ya chuma. Mnashuka nchi kavu kupitia omo. Ndiyo maana kwenye yoti za huku uzio wa mbele mara nyingi umeachwa uwazi katikati wa kupitisha mtu. Maji ni kina hapo hapo kando ya mwamba, mkuku haugusi.

Mzee wa Kusi

Hilo la kusogeza omo mwambani kwetu ungeliona cha moto. Bamvua inashuka mita tatu na zaidi, asubuhi chombo chako kinaning'inia kama nguo kambani.

Nna swali la kweli. Mwanangu yuko Malmö, ananiambia hizi Ballad bei yake ni ya gari kuukuu tu. Anataka alete moja Tanga. Inafaa?

Mrengu Mmoja

Mzee, chombo kinafaa, mahali pa kukiweka ndipo pa kuuliza.

Mashua na ngalawa maji yakipwa zinakaa mchangani zimetulia, mnapakua samaki, maji yakirudi mnaondoka. Ballad inazama mita 1.55 na mkuku wake ni mwembamba. Ikikaa kavu bila stendi inalala ubavu, na maji yakirudi huenda yakaingia kabla haijainuka. Kwa hiyo inahitaji boya kwenye kilindi, mahali ambapo hata bamvua ikipwa kabisa panabaki mita mbili na ushee, na pasiwe panapigwa na kusi. Hapo mjini Tanga mahali kama hapo panapatikana ndani ya bandari, na Kilifi ule mkono wa bahari nao ni mzuri. Kila mwaka utahitaji kuitoa kusugua na kupaka rangi ya chini, na hapo lazima pawe na chelezo yenye stendi au winchi ya kubeba tani tatu na nusu. Uliza hilo kabla ya kuuliza nauli ya meli.

Upepo mtaupenda. Kaskazi na kusi zinavuma thabiti, na kitu kinachokwenda joshi kwa nyuzi arobaini na tano hivi kitawapeleka Pemba na kuwarudisha bila kungoja msimu ugeuke.

Fundi Resini (Tanga)

Mzee mwambie kijana aangalie injini. Na farumi imefungwaje, kwa bolti au imezikwa ndani ya faiba? Zote zina mambo yake. Ya bolti, vuta bolti moja uione, kutu hujificha katikati. Ya kuzikwa, tafuta ufa chini kabisa ya mkuku, maana chuma kikipata maji humo ndani kinavimba na kupasua faiba kutoka ndani.

Joshini Daima

Injini za mwanzo kwenye hizi boti za Albin zilikuwa zao wenyewe, za petroli. Petroli ndani ya chombo kilichofungwa, kwenye joto letu, mimi silali humo. Nyingi zilibadilishwa. Ukikuta Volvo Penta MD6, dizeli ya silinda mbili, farasi 10, inatetemesha vikombe vyote lakini fundi yeyote wa mashine ya kusaga anaielewa. Shida ni kwamba zimepozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja na chumvi inaziba njia za ndani. Mwambie aiwashe ikiwa baridi, aiache nusu saa, aangalie maji yanayotoka nyuma yanatoka kwa nguvu ileile. Yakipungua, bei ishuke, au atafute iliyokwisha kuwekewa injini mpya.

Mzee wa Kusi

Nimempelekea uzi wote. Anasema iliyoko pale Malmö ina ile MD6, na sitaha mwenyewe hataki igongwe.

Joshini Daima

Basi hiyo aachane nayo. Zilitoka 1,500.